Kutunza fishi za vitabu kwa Zotero: namna ya kuanza

Kila mwaka, miezi ya mwisho ya masomo inapokaribia, mafrateri wa filozofia na wa teolojia huanza kuhangaika kwa sababu ya neno moja. Kitabu chao cha mwisho wa masomo karibu kimekwisha: mawazo yapo, sura zimepangwa, profesa amekubali. Lakini nota za chini ya ukurasa hazijakamilika. Lile neno zuri la Padri Mulago limetoka katika kitabu gani? Ukurasa gani? Kilikuwa kitabu cha seminari, au kiliazimwa kwa padri wa parokia ambaye sasa amehamishwa mbali? Katika daftari kumeandikwa tu "Mulago, uk. 52", wala hakuna zaidi. Basi mtu anakwenda kutafuta siku tatu, siku nne, kitu alichokuwa nacho mkononi mwaka uliopita.

Wengine huchoka, wakaacha neno la mwenzao ndani ya kazi yao pasipo kumtaja mwenyewe. Hapo jambo limekwisha kuwa kubwa. Maneno ya mtu yaliyowekwa pasipo jina lake ni mali yake iliyochukuliwa, na vyuo vikuu havicheki na neno hilo: kazi hurudishwa, pengine na diploma hunyang'anywa, hata baada ya miaka mingi. Tena wengi wanaoangukia hapo hawakukusudia kuiba. Walikosa tu kuandika siku ile waliposoma.

Ndiyo maana, wasomaji wapendwa, tunataka kuwaeleza leo juu ya programu moja ya ordinateri (wengine husema kompyuta) inayoitwa Zotero. Kazi yake ni kutunza fishi za vitabu na makala, na kuzitia katika nota wakati wa kuandika. Wazee wetu wa masomo walifanya kazi hiyo kwa karatasi ndogo, wakazipanga katika sanduku kwa kufuata alfabeti. Na mbele yao, Mtakatifu Yeronimo, alipokaa Betlehemu, mnamo mwaka 392 au 393, aliandika kitabu chake De viris illustribus: sura 135, akieleza waandishi wa Kikristo na vitabu vyao. Sura ya mwisho ilikuwa juu ya yeye mwenyewe. Hakusahau kujiandikia fishi yake.

Zotero ilitoka mwaka 2006 katika chuo kikuu cha George Mason, huko Virginia, Marekani. Waliotengeneza walikuwa hasa watu wa historia, nao walijua taabu ya mtu mwenye fishi elfu. Mwanzo ilikaa ndani ya Firefox tu, yaani ile programu ya kufungulia intaneti. Leo inasimama peke yake. Jina lake limetokana na neno la Kialbania, zotëroj, maana yake kutawala kitu, kukijua kabisa kama bwana wake. Mapadri watapenda kujua kwamba mzizi wake ni zot, bwana, na ndilo neno ambalo Waalbania humwita nalo Mungu.

Ziko programu nyingine. EndNote huuzwa, tena kwa bei isiyo ya mfuko wa frateri. Mendeley hupatikana bure, lakini tangu mwaka 2013 ni mali ya Elsevier, kampuni kubwa ya kuchapisha majarida ya elimu. Sisi tunachagua Zotero kwa sababu tatu. Ni bure, na programu yenyewe iko wazi, hata mafundi wengine waweza kuichungua ndani. Fishi zote hukaa katika mashini yako mwenyewe. Tena, na kwetu hii ndiyo sababu kubwa, inafanya kazi hata pasipo intaneti. Umeme ukiwapo saa mbili tu jioni, na intaneti ikiwa mjini tu, bado waweza kuandika fishi, kuzisoma, na kutia nota katika kazi yako.

Kuitia katika mashini si kazi ngumu. Siku unapopata intaneti nzuri, fungua zotero.org, chukua programu inayofaa mashini yako (iko ya Windows, ya Mac na ya Linux), kisha palepale chukua na kile kiungo kidogo kinachotiwa ndani ya Firefox au Chrome. Kiungo hicho kina kazi yake, tutaieleza. Ukikuta Kiingereza kwenye kioo, nenda penye mapendeleo ya programu uchague Kifaransa. Telefoni na tableti nazo zina Zotero yao, yenye kufaa kwa kusomea. Lakini kwa kuandika kitabu chenye nota sharti mashini kamili.

Ukiifungua mara ya kwanza utaona sehemu tatu. Kushoto ni mafungu yako, katikati ni orodha ya fishi, kuume ni fishi yenyewe na mistari yake: mwandishi, jina la kitabu, mahali, mchapishaji, mwaka, na mengine. Yote ni tupu. Hapo wengi hufunga mashini wakingoja siku watakapopata nafasi ya kuingiza vitabu vyao vyote. Siku hiyo haifiki. Chukua kitabu kimoja kilichopo mezani leo, kile unachokisoma sasa, uanze nacho.

Na sisi tuchukue kimoja tukitazame pamoja. Katika seminari zetu hakuna asiyesikia juu ya Padri Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyekuwa mmisionari Katanga, na kitabu chake La philosophie bantoue. Tunafungua fishi mpya, tunachagua aina: kitabu. Mwandishi: Tempels, Placide. Lakini ngojeni. Padri Tempels aliandika kwa lugha yake ya Kiflamanda, na maneno ya Kifaransa ni ya mtafsiri wake, A. Rubbens. Basi tunaongeza mstari wa pili wa majina, tunageuza neno "mwandishi" kuwa "mtafsiri", tunaandika Rubbens. Sasa mahali na mwaka. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kitabu kilitoka kwanza Elisabethville, kwa Lovania, mwaka 1945. Kikatoka tena Paris mwaka 1949, kikawa kitabu cha kwanza cha nyumba ya Présence Africaine. Kurasa za chapa hizi mbili hazilingani. Mtu aliyesoma chapa ya Paris, akaandika "Elisabethville 1945" kwa kuwa aliona hivyo katika nota za mwingine, anampeleka msomaji wake pabaya. Andika chapa iliyo mkononi mwako, wala si ile yenye heshima zaidi.

Na mji je? Elisabethville ndiyo Lubumbashi tangu mwaka 1966. Tuandike lipi? Tunaandika lile lililochapwa juu ya kitabu. Fishi ni ushuhuda wa kitu kilivyo; kama ukitaka kumsaidia kijana asiyejua majina ya zamani, mweleze katika maandiko yako mwenyewe.

Mwaka na mji ni kazi ndogo. Majina ya watu ndiyo yenye taabu, hasa majina yetu. Mashini imetengenezwa na watu ambao kila mmoja wao ana jina la kwake na jina la ukoo, nayo inadhani watu wote ni vivyo hivyo. Mpe "Kä Mana", mwandishi wa L'Afrique va-t-elle mourir? ya mwaka 1991, atakaa katika orodha yako kwa herufi M, "Mana, Kä", kana kwamba Kä ni jina la ubatizo. Dawa ipo: kando ya mstari wa jina kuna alama ndogo, ukiigusa, nafasi mbili za jina zinakuwa nafasi moja, na jina lote linabaki zima. Tumieni alama hiyo kwa kila mtu ambaye jina lake halikatiki. Itumieni vilevile kwa baraza la maaskofu, kwa Mtaguso, kwa shirika lolote.

Tena liko lile jambo la mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipoamuru watu waache majina ya Kikristo ya kigeni, watwae majina ya wazee wao. Waandishi wengi wa Kongo wana majina mawili katika nyumba za vitabu kwa sababu hiyo. Padri Vincent Mulago, aliyetoa Un visage africain du christianisme mwaka 1965, ndiye Mulago gwa Cikala Musharamina wa vitabu vilivyofuata. Valentin-Yves Mudimbe akawa Vumbi Yoka Mudimbe; kwa akili, herufi V.Y. zikabaki zilezile. Mashini haijui kwamba Mulago wawili ni mtu mmoja. Sisi twajua. Basi andika jina kama lilivyo juu ya kila kitabu, lakini vifungie vyote etiketi moja, "Mulago". Etiketi ni neno unaloliweka kwenye fishi upendavyo. Ukiligusa baadaye, fishi zote zenye neno hilo zinakuja mbele yako, hata kama zimeandikwa kwa majina tofauti.

Kuna na vitabu vya watu wengi. Katika Des prêtres noirs s'interrogent, kilichotoka kwa Cerf mwaka 1956, Mulago ni mmoja tu wa mapadri walioandika. Ukitaja maneno yake, usifungue fishi ya aina "kitabu" ukamwita mwenyewe wa kitabu chote. Chagua aina "sehemu ya kitabu": hapo pana nafasi ya jina la sehemu, na nafasi ya jina la kitabu kizima, na kurasa toka hapa hata hapa. Aina ya fishi ndiyo inayoongoza nota itakavyoandikwa. Ukikosea aina, kila kitu nyuma yake kitakwenda kombo.

Maandiko ya Kanisa nayo yana desturi zao. Barua za Mapapa na maazimio ya Mtaguso hatutaji kwa ukurasa bali kwa namba: Ad gentes, namba hii au hii. Wakati wa kutia nota, Zotero inauliza ukurasa, lakini pale penye neno "ukurasa" waweza kugeuza ukachagua "paragrafu". Vivyo hivyo kwa Mababa wa Kanisa katika mkusanyo wa Migne, mahali wanapotaja kolona: chagua "kolona". Mafundisho ya Mtakatifu Agostino juu ya Injili ya Yoane yako katika buku la 35 la Patrologia Latina, na msomaji akipewa kolona atafika mara moja. Akipewa jina la Agostino tu, ana mamia ya kurasa mbele yake. Biblia yenyewe msiifungulie fishi kwa kila mstari. Sura na mstari huandikwa katika maneno yenyewe, kati ya vifungo, na fishi moja ya tafsiri mnayoitumia inatosha.

Pengine mtu atatuuliza: sharti kuandika yote kwa mkono? Hapana. Vitabu vya siku hizi vina namba ya ISBN nyuma ya jalada, namba kumi kwa vile vya zamani kidogo, kumi na tatu tangu mwaka 2007. Ukiwa na intaneti, gusa ile alama ya fimbo ya mchawi (jina si letu), andika namba hiyo, na mistari yote ya fishi inajazwa yenyewe. Makala za majarida nyingi zina namba yao, DOI, inayofanya kazi ileile. Tena ukiona kitabu au makala katika intaneti, gusa kile kiungo ulichotia ndani ya Firefox, na fishi inaingia, mara nyingine pamoja na makala yenyewe katika PDF. Vitabu vya mbele ya mwaka 1970 hivi havina ISBN, na nyumba za vitabu za seminari zimejaa hivyo. Kwa hivyo mkono hauponi kazi.

Lakini hatuna budi kuwaonya juu ya fishi hizi zinazojijaza. Mashini inachota habari mahali fulani, na aliyeandika mahali pale aweza kuwa amechoka siku ile. Utakuta jina la mtafsiri pahali pa mwandishi. Utakuta mwaka wa chapa ya tatu, na wewe unayo ya kwanza. Utakuta jina la kitabu lote kwa herufi kubwa, nalo litatokea hivyohivyo katika nota zako, likipiga kelele katikati ya wenzake. Hati za Roma zilizochukuliwa kutoka intaneti mara nyingi huingia kama ukurasa wa intaneti tu, pasipo mwandishi, na tarehe ya leo pahali pa tarehe ya hati. Kila fishi inayoingia yenyewe, ilinganishe na ukurasa wa kwanza wa kitabu, ule wenye jina kamili, si jalada. Ni kazi ya dakika moja. Ukiiacha, mashini itakaririsha kosa hilo kwa unyofu kabisa katika nota arobaini.

Na siku hizi kuna hatari nyingine, kubwa kuliko hiyo. Mafrateri wengine huuliza zile mashini za kuongea, kama ChatGPT, ziwape vitabu juu ya lisomo fulani. Mashini inajibu kwa adabu: mwandishi, jina la kitabu, mji, mwaka, hata ukurasa. Yote yanaonekana sawa. Lakini mara nyingine kitabu hicho hakipo duniani. Mashini imeunganisha jina la mwandishi wa kweli na maneno yanayofanana na kazi yake. Zotero haitakuonya. Ukiiandikia fishi ya kitabu kisichopo, itaitunza vizuri na kuipamba kwa nukta na mikato mahali pake. Kazi ya Zotero ni kuhifadhi ulichoona. Kuona ni kwako. Basi neno letu ni gumu lakini ni fupi: kitabu ambacho hukukifungua, usikitie fishi kama ulichosoma. Ukikipata jina lake tu katika nota za mwingine, kiwekee etiketi "kutafutwa", na usiitoe hata siku utakapokishika.

Ninyi wakatekista, msidhani maneno haya ni ya mafrateri tu. Mengi katika historia ya parokia zetu hayamo katika kitabu chochote. Nani alileta mafundisho ya kwanza katika kijiji hiki? Kapela ya kwanza ilijengwa wapi? Wazee ndio wanaojua, na mzee akifa, hakuna nyumba ya vitabu ya kwenda kuuliza. Zotero ina aina ya fishi kwa mazungumzo: unaandika jina la aliyesema, jina la aliyeuliza, tarehe, lugha mliyosema. Kijiji na parokia, andika katika nota ya fishi hiyo. Sauti uliyoshika kwa telefoni waweza kuifunga palepale kwenye fishi, vikae pamoja. Frateri akija kuandika historia ya parokia, ataweza kumtaja mzee kwa jina na kwa siku, sawasawa na anavyomtaja profesa wa Ulaya, wala hataandika "wazee wasema" kama kwamba wazee hawana majina. Ila ombeni ruhusa mbele ya kuandika. Si kila neno ambalo mzee analisema barazani anataka lichapwe.

Juu ya kupanga fishi hatutasema mengi. Fungua fungu moja kwa kila kazi: moja kwa kitabu cha mwisho wa masomo, moja kwa mahubiri, moja kwa somo unalofundisha. Fishi moja yaweza kukaa katika mafungu matatu kwa mara moja pasipo kuandikwa mara tatu, jambo ambalo sanduku la karatasi haliwezi. Kitabu kikiingia mara mbili kwa bahati mbaya, kuna pahali panapoonyesha mapacha, uwaunganishe. Wako wanaojitengenezea mafungu hamsini mbele ya kuwa na fishi hamsini. Tunawaachia furaha yao.

Afadhali tudumu kidogo juu ya nota za kusomea, kwani hapo ndipo faida kubwa ilipo. Chini ya kila fishi waweza kuandika nota zako. Unaposoma, ukinakili maneno ya mwandishi mwenyewe, yatie katika alama za kunukuu na ukurasa wake mwishoni. Ukiandika wazo lake kwa maneno yako, andika ukurasa lakini bila alama. Ukiandika wazo lako mwenyewe, tia herufi fulani mbele yake, kwa mfano nyota. Kwa nini uangalifu huu wote? Kwa sababu miezi sita ikipita hutajua tena. Utasoma sentensi nzuri katika daftari lako, utadhani ni yako, na huo ndio mlango ambao mali ya watu hupitia bila mwizi kujijua. Andika pia namba ya rafu ya kitabu katika mstari wake. Ikiwa kilitoka nyumba nyingine, andika nyumba gani. Yule wa "Mulago, uk. 52" angeokoa siku zake nne.

Sasa kuandika. Ukiisha kuitia Zotero, utaona jina lake limeingia ndani ya Microsoft Word. Na katika LibreOffice pia, ambayo ni bure. Mara ya kwanza itakuuliza mtindo, yaani kanuni ya kuandika nota: jina la mwandishi kwanza au nyuma, mkato au nukta, nota chini ya ukurasa au kati ya vifungo. Mitindo iko maelfu. Mwulizeni profesa au mkuu wa masomo kanuni ya nyumba yenu, mkachague ile inayokaribiana. Unapofika mahali pa nota, gusa kitufe cha kuongeza nota, andika herufi chache za jina la mwandishi, chagua fishi, andika ukurasa, basi. Nota imeingia. Mwishoni mwa kazi, kitufe kingine kinatandika orodha yote ya vitabu ulivyotaja, kwa alfabeti. Wala hakitasahau hata kimoja, wala hakitaongeza usichokitaja. Na kama profesa akigeuza shauri na kutaka kanuni nyingine, unageuza mtindo mara moja na nota zote mia mbili zinajigeuza. Waliopiga kazi zao kwa mashini ya taipu watajua maana yake.

Sharti moja tu: nota iliyotiwa na Zotero usiisahihishe kwa mkono ndani ya Word. Kosa likiwapo, lisahihishe katika fishi, kisha sema Zotero iandike upya. Ukigusa nota yenyewe, itakuuliza kama unataka kuyashika uliyoandika. Ukikubali, nota ile haifuati tena fishi yake, na ukikataa, masahihisho yako yamepotea.

Bado kuna ulinzi. Mashini huanguka, huibiwa, huungua siku ya radi. Zotero inatunza kila kitu katika dosiye moja yenye jina lake, ndani ya nyumba yako katika ordinateri. Kila Jumamosi funga programu, nakili dosiye hiyo nzima katika kle ya USB, na kle ikae chumba kingine, si katika mfuko uleule wa mashini. Wenye intaneti waweza pia kujiandikisha bure kwa Zotero, fishi zao zikapata nakala huko. Fishi na nota hazina mpaka. Lakini PDF na vitu vingine vilivyofungwa humo hupewa megabaiti 300 za bure, zaidi ya hapo hulipwa. Msitie dosiye yenyewe ndani ya Dropbox au kitu cha namna hiyo: waliotengeneza Zotero wanaonya kwamba hazina ya fishi yaweza kuharibika.

Kujiandikisha huko kunafungua mlango mwingine, ndio wa kikundi. Mafrateri wa mwaka mmoja waweza kufungua hazina ya pamoja, kila mmoja akatia fishi za vitabu alivyosoma kweli. Seminari zenye nyumba za vitabu ndogo zingepata faida hapo: frateri wa nyumba moja angejua kwamba kitabu anachokitafuta kipo katika nyumba nyingine, rafu gani, mbele ya kulipa nauli. Kabla ya kufungua, mkapatane kwanza mambo mawili: majina yaandikwe namna gani, na nani ana ruhusa ya kufuta. Mkiyaacha hayo, baada ya mwezi Mulago atakuwa na fishi saba.

Siku kazi imekwisha, mbele ya kuituma kwa mchapishaji, hifadhi nakala moja kama ilivyo. Katika nakala ya pili gusa kitufe cha kutenga nota na Zotero: zinakuwa maneno ya kawaida, na mashini ya mwingine haitazivuruga. Nakala ya kwanza iweke, kwa maana profesa aweza kurudisha kazi na masahihisho yake, na hapo utaihitaji.